Usiusingizie Moto

Chungu kikipasuka, wa kwanza kulaumiwa ni moto. Mara nyingi moto umesingiziwa tu. Ufa ulianza siku kadhaa kabla, kivulini, upande mmoja wa chungu ulipokauka na kumwacha mwenzake nyuma.

Chembe za udongo wa mfinyanzi ni bapa, nyingi zikiwa chini ya mikroni 2, na baina yao kuna utando wa maji. Maji yakitoka, chembe husogeleana na chungu hunywea. Ajabu ni kwamba kunywea hukoma kabla chungu hakijakauka: chembe zikishagusana hazina tena pa kusogea, ijapokuwa maji bado yamejaa vitunduni. Utaiona rangi ikipauka kuanzia mdomoni. Udongo ukishapauka wote, waweza kukianika juani bila hofu kubwa. Kabla ya hapo, haraka huzaa nyufa. Motoni udongo hunywea tena joto likikaribia nyuzi 900 na kuendelea, lakini chungu cha kuchomwa uwanjani kwa kuni mara nyingi hakifiki huko. Kunywea kwake karibu kote ni kwa kukauka.

Ndiyo maana nawastahi wafinyanzi wa Ukambani, ambako kazi hiyo tangu jadi ni ya wanawake. Wao huanza na nusu ya juu, mdomo na mabega, kisha hukipindua chungu na kukifunga kitako. Hapo pana mtego: mdomo lazima ukakamae kiasi cha kubeba uzito, lakini ukingo wa kuungia kitako ubaki na unyevu, la sivyo udongo mbichi utanywea peke yake na kuachana na ule wa juu. Vidole ndivyo vinavyojua ni saa ngapi ya kupindua.

Udongo nao hautoshani. Ukitoka Katelembo, hapa Machakos, ukashuka hadi tambarare za Kapiti na Athi, unakutana na udongo mweusi wa pamba, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi hadi mguu wa mbuzi unazama. Huo uachie wahandisi wa barabara walie nao. Hata udongo mzuri huhitaji kupunguzwa makali kwa mchanga au vigae vilivyopondwa, vitu visivyonywea. (Yule mfinyanzi wa methali anayelia gaeni angekiponda tu kigae chake.) Na mchanga wenyewe unakwisha: malori yanaukomba kwenye mito ya Machakos kwenda kujenga Nairobi. Jirani zetu wa Makueni walitunga sheria ya mchanga mwaka 2015. Mto usio na mchanga haufichi maji ya kiangazi, na hasara hiyo ni kubwa kuliko ya chungu chochote.

Kupima kunywea kwa udongo ni rahisi, na wengi hawapimi. Tengeneza kipande bapa, kichore mstari wa sentimita 10, kikaushe, kichome, upime tena. Ukipata 9, udongo wako hunywea asilimia 10. Ukitaka mdomo wa sentimita 27, usijumlishe asilimia 10; gawanya 27 kwa 0.9, ufinyange 30. Ukijumlisha utapata 29.7, na ukishachoma mdomo utakuwa 26.7. Mnunuzi mwenye kifuniko chake atakurudishia. Ujazo ndio unaoshangaza zaidi, kwa kuwa chungu hunywea kwenda juu na pande zote: kibichi cha lita 20 hubaki na lita 14 na nusu hivi.

Hesabu hiyo hiyo hutumika kwenye kifuniko, ambacho kifinyangwe siku moja na chungu chake, kwa udongo ule ule. Kwenye kikombe cha udongo cha jiko la makaa, ambacho kikilegea ndani ya bati pengo hujazwa saruji. Kwenye matofali, vigae vya paa, vyungu vya maua, mitungi ya maji, shanga.