Maji ya Kifuu ni Bahari ya Chungu

Wahenga walilonga kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kwa miaka mingi nimeifundisha methali hii darasani, nikawaeleza wanafunzi wangu maana yake ya juu na maana yake ya ndani, nikawatahini na kuwasahihisha. Lakini naungama mbele yako, ndugu msomaji, kwamba mimi mwenyewe sikuielewa hadi Jumamosi moja, ndani ya ua wangu, hapa Malili.

Malili, kwa asiyeijua, ni mji mdogo ulio kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kuelekea Mombasa, katika Kaunti ya Makueni. Jina lake lilivuma pale serikali ilipolinunua shamba lenye ekari 5,000 ili kujenga mji wa teknolojia wa Konza, mradi uliozinduliwa na Rais Mwai Kibaki mnamo Januari 2013. Hata hivyo, mwenyeji wa hapa hakoseshwi usingizi na kompyuta. Hukoseshwa na maji. Mvua zetu ni za misimu miwili, ule wa Machi hadi Mei na ule wa Oktoba hadi Disemba, nazo huja zipendapo na kuondoka bila kuaga. Ndiyo maana Wakamba huwaita watoto wao Wambua na Mumbua, majina yanayoadhimisha mvua. Maji kwetu ni baraka. Nani basi atamwonya mwanawe dhidi ya baraka?

Nyumbani kwangu tuko watano: mimi, mke wangu, mama yangu mzazi ambaye wajukuu humwita Susu, mwanangu wa kiume mwenye umri wa miaka miwili na nusu, na dada yake wa miezi saba. Asiyewahi kulea watoto wawili wa rika hizo kwa pamoja asidhani kwamba anaijua kazi. Mdogo akilala, mkubwa huamka. Mdogo akinyonya, mkubwa naye hudai kupakatwa papo hapo, kana kwamba mapaja ya mama yake ni kiti cha enzi kilichonyakuliwa na mgeni. Mmoja hutambaa kuelekea jikoni ilhali mwingine yu mbioni kuelekea barabarani, na mzazi huachwa katikati akijuta kwamba Mola hakumjalia macho kisogoni.

Ili kumpoza kifungua mimba wangu wivu huo, niliamua kumtengea jambo ambalo lingekuwa letu sisi wawili. Kila mwisho wa mwezi, mshahara uingiapo, sote hupanda matatu hadi Kyumvi, kisha tukakunja njia kuelekea Machakos, kwenye hoteli moja yenye kidimbwi cha kuogelea. Safari yenyewe si ndogo. Hubebwa nepi, taulo, uji katika chupa ya chai, na nguo za kubadilisha ambazo hazitoshi kamwe. Mke wangu huketi kivulini na kumchovya mtoto mchanga miguu kwa dakika chache tu, maana kiumbe mdogo kama huyo hupoteza joto upesi majini. Mimi nami huingia na mwanangu upande wa maji mafupi.

Mara ya kwanza alinigandama shingoni kama kupe. Mara ya pili alikubali kupiga maji teke. Mara ya tatu alitumbukiza kidevu, akapuliza mapovu, akacheka hadi wageni wengine wakageuka kumtazama. Nitasema kweli: katika miaka yangu yote ya ualimu sijapata kumwona mwanafunzi akinipa furaha kama ile. Niliporudi Malili na kuwasimulia majirani, walinikebehi. "Mwalimu," mmoja akaniuliza, "kwani unalea samaki? Huku ni nyikani, huyo mtoto ataogelea wapi?"

Nilicheka nao. Sikuwa na jibu.

Jibu lilikuja Jumamosi hiyo niliyoitaja. Mke wangu alikuwa chumbani akimnyonyesha mtoto. Mimi nilikuwa kibarazani na rundo la karatasi za mtihani, nikiwa nimeahidi kumwangalia mkubwa aliyekuwa akicheza uani. Hatua chache kutoka nilipoketi palikuwa na ndoo ya lita 20 iliyojaa nusu, maji ya kufulia. Nilisahihisha karatasi moja, kisha nyingine. Susu, aliyekuwa akichagua maharagwe mlangoni, akainua kichwa. "Mwanangu, mbona kimya?" akaniuliza. "Mtoto mdogo akinyamaza ghafla, hutafutwa."

Nilipogeuka, niliona miguu miwili midogo ikielekea juu. Kichwa kilikuwa ndani ya ndoo.

Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka nikimchopoa, nakumbuka uso wake ulivyokuwa, na nakumbuka kikohozi kile, kisha kilio. Kamwe sijawahi kusikia sauti tamu kama kilio kile. Tulimkimbiza zahanati, akachunguzwa, tukarudi naye akiwa salama. Usiku ule mimi na mke wangu hatukulala, wala hatukulaumiana. Kosa lilikuwa langu, na yeye alijua kwamba nalijua.

Tazama kinaya cha mambo, ndugu msomaji. Kidimbwini, mbele ya maji mengi, nilikuwa nimemshika mwanangu kwa mikono miwili na macho mawili. Nyumbani, mbele ya maji yasiyofika goti langu, nilimwachia ulimwengu. Niliyaogopa maji makubwa nikayadharau madogo, nikasahau kwamba chungu hapimi bahari kwa kipimo cha ndovu.

Tangu siku hiyo nimesoma mengi kuhusu jambo hili, na niliyoyapata yapaswa kufundishwa shuleni. Kwanza, kichwa cha mtoto wa umri huo ni kizito mno kikilinganishwa na kiwiliwili. Akiinama na kutumbukia, hana nguvu za kujiinua. Maji ya kina cha sentimita chache yatosha kumfunika pua na mdomo. Pili, husemwa kwamba mfa maji haachi kutapatapa. Lakini mtoto mchanga aghalabu hufa maji kimya kimya, bila ukemi wala kishindo. Hana pumzi ya kuitia. Tatu, dakika chache tu za kukosa hewa hutosha kuudhuru ubongo. Aliyeopolewa bila pumzi hafai kuning'inizwa kichwa chini kama wafanyavyo wengi. Apaswa kupuliziwa pumzi mara moja na kushinikizwa kifua, huku msaada ukitafutwa.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani katika mwaka wa 2021, na takriban robo yao walikuwa watoto wasiofikisha umri wa miaka 5. Zaidi ya vifo tisa kwa kila kumi hutokea katika nchi zisizo tajiri, yaani nchi kama yetu. Ni mwaka uo huo wa 2021 ambapo Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuhimiza uzuiaji wa vifo hivi.

Kwa hivyo jirani yangu alikosea. Ukavu wa Ukambani haututengi na hatari hii, bali huizidisha. Maadam mifereji yetu ni mikavu, sisi huyahifadhi maji kila mahali: ndooni, kwenye mapipa, kwenye matangi ya chini ya ardhi, na kwenye silanga zinazochimbwa ili mifugo ipate kunywa. Silanga hizo kingo zake huteleza na matope yake hunasa. Watoto wetu huzikaribia bila kujua kuogelea, kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kujifunzia. Isitoshe, mito yetu huwa mchanga mtupu kwa miezi kadhaa, hata mtu akaizoea kama barabara, kisha mvua hunyesha milimani na mto ukafika ghafla. Tarehe 4 Disemba 2021, huko Mwingi katika Kaunti ya Kitui, basi lililokuwa limewabeba watu waliokuwa wakienda harusini lilizama katika Mto Enziu uliofurika. Zaidi ya watu 30 waliangamia, watoto wakiwemo. Baada ya Enziu, nani atathubutu kusema kwamba nyikani hakuna maji ya kuua?

Sisemi kila mzazi ampeleke mwanawe kwenye kidimbwi cha hoteli. Najua ada ya kiingilio huweza kununua unga wa siku mbili. Aidha, sidai kwamba mtoto wa miaka miwili akijua kupuliza mapovu basi amekingwa. Wangu alijua, na ndoo ilimmeza. Kuogelea ni ngao kwa mtoto mkubwa, na wataalamu huhimiza afundishwe tangu umri wa miaka sita. Ngao ya mtoto mdogo ni mtu mzima anayemtazama.

Yapo mambo yasiyogharimu pesa. Ndoo imwagwe au ifunikwe. Tangi liwe na mfuniko usioinuliwa na mkono mdogo. Silanga izungushiwe ua wa miiba. Sisi Wakamba twajua kuijengea mbuzi boma, seuze watoto? Msichana wa miaka tisa asitwikwe malezi ya mdogo wake kando ya maji huku watu wazima wakiwa sokoni. Walimu wenzangu, hata shule isiyo na kidimbwi yaweza kufundisha kwamba mto uliofurika haujaribiwi, na kwamba mwenzako akizama hurushiwa kamba au kijiti, hufuatwi kwa pupa. Nanyi wanafunzi, mnaoachiwa wadogo zenu wakati wa likizo, jueni kwamba kumtazama mtoto ni kazi kamili. Haiendi pamoja na kitabu wala simu.

Hatimaye, nawageukia akina baba. Wengi wetu hudhani ulezi ni kazi ya mama na nyanya, na sisi ni wasaidizi wanaoweza kufanya jambo jingine papo hapo. Mimi nilisahihisha karatasi. Alama nilizotoa siku ile sizikumbuki hata moja.

Bado tunakwenda Machakos kila mwisho wa mwezi, na binti yetu naye ameanza kupiga maji kwa viganja. Nyumbani, ndoo zote zina vifuniko. Mwanangu huzigeuza ngoma, akazipiga kutwa nzima hadi majirani wakalalamika. Nimewaomba radhi, lakini simkatazi. Maadamu nasikia kelele, najua yuko wapi.