Ghala la Umeme

Katika karne ya 19 misafara ilikuwa na maghala Tabora, kwa kuwa hapo njia ya pwani iligawanyika: moja ikienda Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda. Umeme wa jua nao wahitaji ghala, kwani jua huchwa saa ile ile watu wawashapo taa. Ghala lake ni betri kubwa. Je, ziwekwe wapi? Kwanza, karibu na kituo ambapo nyaya nyingi hukutana, umeme usipotee njiani. Pili, mahali palipoinuka, maji ya mvua yasizifikie. Tatu, mbali na nyumba, tena ziachane nafasi. Kwani betri za lithiamu zikishika moto ni vigumu kuzizima, na moshi wake una sumu. Ghala jema huwafaa watu, wala haliwadhuru.