Dhana ya Unene na Mwenendo wa Mwanachuo: Mfano wa Ulyankulu

Neno unene katika Kiswahili halipimi tu. Hutoa pia hukumu. Mtafiti wa uzito wa wanachuo hana budi kulizingatia hilo, hasa mwanachuo anapokuwa ametoka Ulyankulu, mkoani Tabora.

Katika karne ya 19 Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri wa njia ya misafara iendayo pwani. Mzigo wa mpagazi ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Uzito uliohesabiwa ulikuwa wa pembe, si wa mwili. Kuanzia 1972 wakimbizi kutoka Burundi walifungua mashamba Ulyankulu kwa jembe. Huko kazi ndiyo mazoezi, ingawa hakuna aiitaye hivyo.

Chuoni, ugali na mwendo wa miguu aghalabu hupisha chipsi, soda na bodaboda, hasa siku za bumu. Usiku huishia kwenye simu. Arudipo likizoni, kijana huambiwa, "Umenawiri!" Sifa hiyo ina historia: UKIMWI ulipoenea miaka ya 1980, kukonda kulizua minong'ono.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, uzito umezidi iwapo kilo, zikigawanywa kwa kipeo cha pili cha kimo katika mita, zinafika 25. Kwa kimo cha mita 1.60, hizo ni kilo 64: mizigo miwili ya mpagazi. Hojaji inayouliza "Je, wewe ni mnene?" haifikii kipimo hicho, hupata jibu la heshima au la majivuno. Mizani itangulie, kisha mwanachuo aulizwe alivyosifiwa nyumbani.