Nenda na Swali Lako: Maonyesho ya Teknolojia ya Madini Geita

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Kila mwaka, miezi ya Septemba na Oktoba ifikapo, mji wetu wa Geita hupata wageni wa namna nyingi. Huja wenye mitambo ya kusaga mawe, wenye pampu, watu wa benki, watu wa Tume ya Madini, STAMICO, VETA na SIDO, wataalamu wa miamba kutoka Dodoma, na wachimbaji wadogo wenyewe. Hayo ndiyo Maonyesho ya Teknolojia ya Madini. Yalianza mwaka 2018, na siku hizi hufanyika katika uwanja wa Bombambili, si mbali na huku kwetu Kalangalala. Mimi nilikwenda Oktoba 2024, yalipokuwa yakifanyika kwa mara ya saba, nami nikiwa Kidato cha Tatu. Kwa kuwa wadogo zetu watapelekwa safari hii, na wazazi kadhaa wameuliza kama safari hiyo ina faida yo yote, Mhariri amenitaka nieleze jinsi mtu aendaye kwa mara ya kwanza awezavyo kurudi na kitu kichwani.

Kwanza tufahamu maonyesho ni kitu gani. Sokoni muuzaji anajua kwamba umekuja kununua. Darasani mwalimu anajua kwamba hujui. Lakini katika maonyesho mwenye banda hajui wewe ni nani, nawe hujui yeye anajua nini. Basi akiona shati jeupe na beji ya shule, hukupa kalamu na kofia, akasema, "Someni kwa bidii, wanangu," kisha akamgeukia mtu mwenye fedha. Mwenzangu mmoja alirudi bwenini na vipeperushi vingi hata vikajaza mto wa kulalia, wala hakuweza kutuambia habari ya mtambo hata mmoja. Simcheki, aliufuata umati, na umati hupita upesi.

Dawa yake ni kwenda na swali. Si swali la "mtambo huu unafanya nini," maana hilo limekwisha kujibiwa katika kipeperushi. Namaanisha swali la nyumbani, ambalo jibu lake litabadili jambo fulani kwa mtu unayemjua. Langu nilipewa na mjomba, ijapokuwa yeye hakujua kwamba amenipa.

Mjomba wangu ni mchimbaji mdogo huko Nyarugusu. Kwa wale wasiotoka sehemu za machimbo, nitaeleza kwa ufupi. Mawe hutolewa katika duara, husagwa katika karasha, kisha unga wake husafishwa kwa maji mwaloni juu ya mazulia yanayonasa chembe nzito. Kinachonaswa huchanganywa na zebaki ili kukamatisha dhahabu. Mchanga unaobaki huitwa marudio. Sasa, marudio si takataka. Mara nyingi zebaki haikamati hata nusu ya dhahabu iliyomo, kwa kuwa nyingine ni laini mno, na nyingine imefungwa ndani ya punje za jiwe. Kwa hiyo wenye mitambo ya sayanaidi hununua marudio, wakaitoa dhahabu hiyo kwa kuiyeyusha katika maji ya dawa na kuinasa kwa makaa.

Nyuma ya nyumba ya mjomba palikuwa na rundo kubwa la marudio, kazi ya miaka miwili. Alitaka kuliuza ili aezeke upya nyumba ya bibi na kunipatia mahitaji ya bweni. Mnunuzi alikuja, akalizunguka rundo, akachota kiganja, akataja bei. Nilipouliza bei ile imetoka wapi, mjomba alinijibu, "Mjomba," maana sisi huitana hivyo sote wawili, "marudio hupimwa kwa jicho." Basi swali langu likawa hili: ndani ya rundo lile mna dhahabu kiasi gani, na mtu atajuaje kabla hajaliuza?

Nililiandika swali katika ukurasa wa kwanza wa daftari, na Mwalimu wetu wa Kemia akaniongezea jambo moja: kila jibu liwe na namba. Mtu akikuambia kwamba mtambo wake "unatoa dhahabu nyingi," uliza ni gramu ngapi katika tani, maji lita ngapi kwa saa, umeme kiasi gani, na ukiharibika vipuri viko wapi.

Tulifika saa tatu asubuhi. Huo ndio wakati mzuri kupita wote, maana wenye mabanda hawajachoka na umati haujaja. Mgeni rasmi akikaribia, kila mtu hunyoosha tai yake, na hapo usitumaini kujibiwa cho chote cha maana kwa muda wa saa mbili hivi. Tumieni muda huo kula.

Banda la kwanza nililoliendea lilikuwa na mtambo mkubwa wenye rangi ya kung'aa. Nilieleza swali langu, nikapewa kalamu. Katika la pili nikapewa kalamu nyingine. Ndipo nikatambua kwamba watu wanaosimama mbele ya banda wamewekwa kwa ajili ya kuuza, na aujuaye mtambo yuko nyuma, amevaa ovaroli, ana spana mkononi, na hakuna amsemeshaye. Nilimwamkia fundi mmoja wa namna hiyo, aliyekuwa akitengeneza meza ya kutikisa. Meza hiyo hufanya kazi kwa sababu dhahabu ina uzito wa mara 19 na zaidi ya maji, na mchanga wa kawaida mara 2.6 tu, ikitikiswa huku maji membamba yakipita juu yake, mchanga huchukuliwa na dhahabu hubaki nyuma. Nikamwuliza, "Shikamoo, fundi. Meza hii hushindwa na dhahabu ya namna gani?" Akacheka, akasema tangu maonyesho yafunguliwe hajaulizwa hivyo. Kisha akanieleza kwa dakika ishirini. Dhahabu iliyo laini kama unga wa sembe huelea na kwenda zake pamoja na maji, na ile iliyofungwa ndani ya jiwe huhesabiwa kama mchanga. Kumbe ndiyo dhahabu hiyo hiyo iliyokuwa nyuma ya nyumba ya mjomba! Nawashauri wote waulize swali hilo: mtambo huu unashindwa wapi? Muuzaji hulikwepa, na fundi hulipenda.

Fundi ndiye aliyenielekeza kwenye banda la maabara. Hapo nilimkuta mama mmoja mtaalamu wa kupima mawe. Nilipomweleza habari za rundo, hakuniambia juu ya mashine hata kidogo. Aliuliza, "Mwanangu, sampuli mtaichukuaje?" Nikasema tutachota kiganja. Akaniomba niketi.

Maelezo yake nayaandika kwa kirefu, kwa sababu yana faida kwa kila nyumba yenye marudio. Tani moja ni gramu 1,000,000. Tuseme marudio yana gramu 2 za dhahabu kwa tani. Basi kilo moja ya mchanga huo ina miligramu 2 tu, yaani sawa na punje moja ya dhahabu yenye upana wa yapata nusu milimita. Kiganja chako kikiipata punje hiyo, utadhani wewe ni tajiri. Kikiikosa, utadhani rundo ni takataka. Tena rundo halifanani pande zote. Mchanga unapomwagwa, punje kubwa hubingirika mpaka chini na laini hubaki juu, kwa hiyo achotaye kileleni tu hupata habari ya kilele tu.

Hivyo yafaa kuchota mahali pengi, juu, ubavuni, chini na ndani kabisa, kila mahali kipimo kile kile. Yote huanikwa, huchanganywa juu ya turubai safi, na kukusanywa kuwa kichuguu. Kichuguu husawazishwa na kugawanywa kwa ubao katika robo nne. Robo mbili zinazokabiliana hutupwa, mbili hubaki, nazo huchanganywa tena na kugawanywa tena, mpaka zibaki kilo chache tu. Hizo ndizo zipelekwazo maabara, ambako sehemu yake huyeyushwa katika tanuru pamoja na madini ya risasi. Risasi huikusanya dhahabu yote, kisha risasi huondolewa na dhahabu hupimwa katika mizani. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, ina maabara yake Dodoma na huwapokea hata wachimbaji wadogo.

Kisha akanifundisha hesabu, na hesabu yenyewe ni ya darasa la saba. Debe la lita 20 la mchanga mkavu lina uzito wa yapata kilo 30. Ukijua madebe, unajua tani. Rundo la tani 40 lenye gramu 2 kwa tani lina gramu 80. Mtambo hautazitoa zote. Tuseme unatoa nane katika kila kumi, basi gramu 64. Toa gharama za dawa, umeme na gari, ndipo uzungumze bei na mnunuzi. Jicho haliwezi kufanya hesabu hiyo, hata liwe la mzee wa machimbo.

Nilipata ruhusa ya kurudi Jumamosi peke yangu. Ye yote awezaye kurudi siku ya pili na afanye hivyo. Siku ya kwanza unajifunza kuuliza. Siku ya pili wenye mabanda wanakukumbuka, nao hukwambia mambo wasiyoyasema kwa mgeni. Siku hiyo niliingia pia katika ukumbi wa mazungumzo. Wataalamu husema huko, na wengi wao huchanganya lugha mpaka mtu hajui kama yuko Geita au London. Usione haya. Keti mbele, na nafasi ya maswali ikifika simama, taja jina na shule, uliza jambo moja kwa sentensi mbili. Mzee mmoja mchimbaji alimwomba msemaji aseme "kwa Kiswahili cha mwaloni," na ukumbi mzima ukapiga makofi. Tangu hapo tulielewa kila neno.

Mazungumzo hayo yalikuwa juu ya zebaki. Mchimbaji akimaliza kukamatisha, huuchoma ule mchanganyiko juu ya makaa. Zebaki huchemka katika nyuzi 357 za Selsiasi na kuwa mvuke, na dhahabu hubaki, maana yenyewe haiyeyuki mpaka nyuzi 1,064. Lakini mvuke haupotei. Huingia mapafuni mwa mchomaji na mwa watoto walio karibu, hutua paani na udongoni, na mwisho hufika majini na katika samaki. Huko Minamata, nchini Japani, ugonjwa uliotokana na zebaki ya kiwandani uligunduliwa mwaka 1956 kwa watu waliokula samaki wa ghuba yao. Ndiyo maana mkataba wa mataifa wa kupunguza zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, huitwa kwa jina la mji huo, na Tanzania imo. Msemaji alituonyesha ritoti, chombo chenye kifuniko na bomba linalopita majini. Mvuke hupoa bombani na kuwa zebaki tena, tayari kutumika mara ya pili. Alitaja pia kituo cha mfano cha STAMICO kilichoko Lwamgasa, hapa hapa mkoani kwetu, wanakofundisha wachimbaji wadogo uchenjuaji usiotumia zebaki. Niliandika haya yote upesi, kwa kuwa mjomba huchomea nyuma ya jiko, hatua kumi kutoka pale walalapo wadogo zangu.

Jambo moja watu wengi hulisahau: kabla hujaondoka bandani, uliza ofisi yao ya Geita iko wapi na hufunguliwa siku gani. Maonyesho hufungwa, mabanda hung'olewa, na kipeperushi hakijibu maswali. Usiku huo huo, wakati wa kujisomea, andika upya daftari lako. Mimi nilikuta nusu ya maneno yangu hayasomeki, lakini kwa kuwa bado nilikuwa nayakumbuka, niliweza kuyasahihisha.

Likizo ya Desemba nilikwenda Nyarugusu. Sehemu ya rundo ilikuwa imekwisha kuuzwa kwa jicho. Mjomba hakupendezwa na habari ya turubai na robo nne, akasema nimetumwa na Serikali. Lakini bibi, ambaye paa ni lake, aliamuru tujaribu. Tulifanya kazi siku mbili, mimi na binamu zangu, tukachota mahali 24. Sampuli ikapelekwa, na cheti kikarudi baada ya muda. Mnunuzi alipokuja kwa sehemu iliyobaki, mjomba alimwonyesha cheti badala ya rundo. Walibishana tangu asubuhi hadi adhuhuri, na bei waliyokubaliana ilipita ile ya kwanza kwa kiasi kilichotosha mabati ya upande mmoja wa nyumba. Upande wa pili bado ni nyasi.

Zebaki bado anaichoma nyuma ya jiko, ila sasa ni wakati watoto wako shuleni. Amesema safari hii atakwenda Bombambili mwenyewe. Nimemwandikia maswali matatu katika karatasi, na la kwanza ni bei ya ritoti.