Kashata za korosho kwa darasa zima: Vipande ndivyo vinavyookoa hesabu

FEBRUARI inapoingia mkoani Mtwara, minada mingi ya korosho inakuwa imekwisha, mvua ziko shambani na fedha za msimu zimeshaanza kupungua mifukoni. Ni wakati huo huo maduka ya mjini yanapotundika vitambaa vyekundu na kupanga kadi, maua ya plastiki na chokoleti kwa ajili ya Siku ya Wapendanao, Februari 14. Baadhi ya shule za awali nazo huwaambia watoto waje na nguo nyekundu, na wazazi huulizwa kama wanaweza kuchangia kitu kidogo cha kutafuna kwa darasa zima.

Kwa mama wa Chikongola, kata iliyo ndani ya Manispaa ya Mtwara Mikindani, njia rahisi ni kupita dukani na kununua mfuko wa pipi. Chokoleti ni ghali, na kwa joto la Mtwara haifiki shuleni ikiwa na umbo lake, kwa sababu mafuta ya kakao huyeyuka kwenye nyuzijoto zipatazo 34 tu. Kakao yenyewe huenda imetoka Kyela, ikasafirishwa nje ikiwa punje kavu na kurudi ikiwa imefungwa kwenye karatasi inayong'aa. Njia ya pili ni kupika nyumbani kashata za korosho, zao ambalo limeujenga mkoa huu.

Njia hiyo ya pili inasifiwa sana kwenye semina za wajasiriamali, lakini ni wachache wanaokaa na karatasi na kalamu kuipigia hesabu. Ukiipiga, unaelewa kwa nini watoto wa Mtwara, waliozungukwa na mikorosho, hununua zaidi kashata za karanga na za nazi wakati wa mapumziko.

Korosho ghafi haigeuki kuwa chakula kirahisi. Ili kupata kilo 1 ya korosho karanga, yaani ile iliyokwisha banguliwa na kumenywa, zinahitajika kilo 4 hadi 5 za korosho ghafi. Katika mnada wa kwanza wa msimu wa 2024/25, uliofanyika Oktoba 2024, bei ya kilo moja ya korosho ghafi ilivuka shilingi 4,000. Ilikuwa habari njema kwa mkulima. Kwa anayetaka kubangua, maana yake ni kwamba malighafi peke yake ilifika takriban shilingi 18,000 kwa kila kilo ya korosho karanga, kabla ya kulipa mbanguaji, kuni na usafiri. Bei inayomfurahisha mwenye shamba Newala au Tandahimba ndiyo hiyo hiyo inayombana mwenye sufuria Chikongola, na hakuna haja ya kuficha jambo hilo.

Historia nayo imechangia. Viwanda 12 vya kubangua korosho vilijengwa nchini katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini vingi vilisimama baada ya muda mfupi, na baadhi ya majengo yaliishia kutumika kama maghala ya korosho zile zile ambazo yangepaswa kuzibangua. Sehemu kubwa ya mavuno bado husafirishwa ikiwa ghafi, hasa kwenda India na Vietnam. Kazi ya kubangua kwa mkono imebaki kwa vikundi, vingi vikiwa vya akina mama, pamoja na viwanda vichache.

Hapo kwa wabanguaji ndipo penye nafuu. Soko la nje hulipa vizuri korosho nzima, nyeupe na kubwa. Hata mbanguaji hodari hawezi kuzitoa zote zikiwa nzima. Nyingine hupasuka katikati, nyingine huvunjika vipande vipande. Ladha ni ile ile na mafuta ni yale yale, lakini bei hushuka sana. Kashata haina haja na korosho nzima, kwani hata ukinunua nzima utaipondaponda mwenyewe kabla ya kuitia kwenye sukari.

Hesabu ya sinia moja

Chukua darasa la watoto 50, kila mmoja apate kipande cha gramu 20. Hiyo ni kilo 1 ya kashata, inayotokana na nusu kilo ya korosho na nusu kilo ya sukari. Bei zifuatazo ni za mfano tu, na kila msomaji aweke za sokoni kwake.

Tuseme vipande vya korosho vinauzwa shilingi 12,000 kwa kilo. Nusu kilo itakuwa shilingi 6,000. Sukari kwa shilingi 3,000 kilo, nusu yake ni 1,500. Mkaa weka 1,000, iliki 500 na karatasi za kufungia 1,000. Jumla ni shilingi 10,000, sawa na shilingi 200 kwa mtoto. Akitumia korosho nzima za shilingi 24,000 kwa kilo, jumla inapanda hadi 16,000, yaani shilingi 320 kwa mtoto, bila watoto kuonja tofauti yoyote. Akichanganya robo kilo ya vipande vya korosho na robo kilo ya karanga za shilingi 4,000 kwa kilo, jumla inashuka hadi 8,000, au shilingi 160 kwa kila mtoto.

Kwa darasa dogo la chekechea hesabu hiyo inabebeka. Katika shule ya msingi ya serikali mambo ni mengine. Tangu michango ya lazima ilipofutwa mwaka 2016, uandikishaji uliongezeka sana, na darasa la watoto 90 si ajabu. Sinia la mfano linageuka kuwa shilingi 18,000, fedha ambayo kwa kaya nyingi ni chakula cha siku kadhaa. Hakuna sababu ya mzazi mmoja kuibeba peke yake. Akina mama watano wanaofahamiana kwenye kikoba wakichanga 3,600 kila mmoja na kupika pamoja, kazi imekwisha. Ila wapikie darasa zima au wasipike kabisa. Mtoto anayeona mwenzake wa dawati moja anapewa yeye akirukwa hataikumbuka siku hiyo kwa wema.

Sukari ndiyo inayoweza kuivuruga hesabu bila onyo. Mwanzoni mwa mwaka 2024, baada ya mvua za El Nino kukwamisha uvunaji wa miwa, bei yake ilipanda mno kiasi cha Serikali kuingilia kati na kutangaza bei elekezi. Anayepanga kupika Februari afanye manunuzi mapema, kwa kuwa sukari ikiwekwa pakavu haiharibiki.

Jikoni

Korosho zinunuliwe zikiwa zimebanguliwa. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi na midomo, na moshi wake unapochomwa huwasha macho na kifua, hivyo si kazi ya kufanyia uani watoto wakizunguka. Kuna na upande wa sheria. Kununua korosho ghafi kwa kupima na bakuli kutoka kwa mkulima, biashara inayojulikana kama kangomba, kumepigwa marufuku, na korosho ghafi zinatakiwa kupitia vyama vya ushirika na stakabadhi ghalani, mfumo ulioanza kutumika mkoani Mtwara msimu wa 2007/08. Kashata za watoto zisimtie mtu matatani.

Vipande vikaangwe kwa moto mdogo bila mafuta hadi vianze kunukia. Nusu kilo ya sukari ichemshwe na kikombe kimoja cha maji mpaka shira iwe nzito; tone lake likidondoshwa kwenye maji ya baridi ligande na kuwa gumu. Hapo zitiwe iliki, chumvi kidogo na korosho, vikorogwe haraka kwa mwiko, kisha vimwagwe kwenye sinia lililopakwa mafuta na kusawazishwa kwa kimo cha sentimeta moja hivi. Kashata hukatwa ikiwa bado ya moto. Ikipoa, kisu kinaivunja. Shira hiyo ni moto kuliko maji yanayochemka, kwa hiyo mtoto asaidie kufunga, asisogee jikoni.

Kwa desturi kashata hukatwa kwa umbo la uru, lakini siku hiyo watoto wanataka kopa. Kukata kopa kwenye sinia kunaacha mabaki mengi pembeni, na mabaki hayo ni korosho iliyolipiwa. Nafuu ni kukata uru kama kawaida, kisha kubandika kopa ya karatasi nyekundu juu ya kifungashio. Wapo wanaotaka kashata yenyewe iwe nyekundu na hutia maji ya rozela. Rangi inatoka vizuri, lakini ule ukali wake huizuia sukari kuganda sawasawa na kashata inabaki ikinata. Anayetaka wekundu afadhali apike kashata za nazi zenye rangi ya chakula, ambazo watu wa pwani wamezizoea kwa muda mrefu, akijua kwamba nazi huchacha upesi kuliko korosho.

Februari ni mwezi wa unyevu mwingi Mtwara. Kashata iliyoachwa wazi usiku mmoja asubuhi inatoa jasho, hivyo iingie kwenye kopo lenye kifuniko mara tu inapopoa. Kila kipande kifungwe kwa karatasi nyeupe safi. Karatasi ya gazeti, hata hili, haifai kwa sababu ya wino. Mifuko ya kubebea ya plastiki ilipigwa marufuku kuanzia Juni 1, 2019, kwa hiyo kapu ndilo la kubebea.

Kabla ya yote mwalimu aulizwe. Wapo watoto ambao miili yao haipatani na korosho au karanga, na kwa wachache wao kipande kimoja kinaweza kuwa hatari ya kufa. Mzazi aliyechanganya karanga aseme wazi kwamba amechanganya.

Kutoka darasani hadi sokoni

Wengi wanaopika mara moja na kusifiwa huanza kuwaza biashara, na hapo sarafu ndiyo inayoamua. Mtoto hufika kwa muuzaji akiwa na shilingi 100 au 200. Kipande cha gramu 10 cha korosho tupu, kwa bei za mfano wetu, kimegharimu shilingi 100. Akikiuza kwa 100 amefanya kazi ya bure. Cha mchanganyiko kimegharimu 80, kinabakiza 20, bado bila ujira wa mpishi. Lango la shule kwa hiyo ni soko la karanga. Kashata ya korosho inalipa pale mnunuzi anapotafuta zawadi: stendi ya mabasi, uwanja wa ndege, hoteli, na hiyo wiki moja ya Februari.

Anayelenga huko lazima afuate taratibu. Tangu Julai 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na mjasiriamali mdogo hupitia SIDO kupata barua ya utambulisho anapoomba alama ya ubora. Kwa ujuzi wa usindikaji, kituo cha utafiti cha TARI Naliendele kiko ndani ya manispaa hiyo hiyo, na korosho ndilo zao lake kuu. Muhimu zaidi ni kukubaliana mapema na kikundi cha wabanguaji, Novemba au Desemba, kwamba vipande vyao vitanunuliwa kwa bei fulani. Kikundi kinapata mnunuzi wa kile ambacho soko la nje linakibagua, na mpishi anapata malighafi kabla bei ya rejareja haijapanda.

Wapo pia wazazi wengi wa Mtwara, mji wenye Waislamu wengi, wasioitambua siku hii, na mwalimu mwenye busara huiita siku ya marafiki au huiacha kabisa. Kalenda nayo ina lake. Mwaka 2027 Februari 14 ni Jumapili, na kwa hesabu za mwezi itakuwa ndani ya Ramadhani, kama itakavyokuwa mwaka 2028. Kashata za darasani miaka hiyo zigawiwe zikiwa zimefungwa, mtoto aondoke nayo mkononi, na anayefunga aile nyumbani baada ya magharibi.