Gari Kuukuu la Jeshi: Litambue Kwanza, Kisha Litengeneze



Pikapu za jeshi za Dodge ziliundwa Marekani na wenzetu wa viwanda vya Chrysler, ambao chama chao, UAW, kilitambuliwa mwaka 1937 baada ya mgomo wa kukalia viwanda. Leo wako wanaozinunua zikiwa chakavu ili kuzifufua. Kazi hiyo ni ya fundi, na fundi lazima alinde uhai wake.

Kwanza, usiamini rangi. Rangi hupakwa na yeyote. Soma vibati vya dashibodi, kisha namba ya fremu. WC-51 na WC-52 ni za Vita Kuu ya Pili. WC-52 ina winchi mbele. M37 ilianza kuundwa mwaka 1951, na umeme wake ni volti 24. WC kwa kawaida ni volti 6. Ukikosea, utaunguza vyombo.

Pili, breki. Mfumo ni mmoja kwa magurudumu yote: paipu moja likipasuka, breki zote zimekwisha. Badili mapaipu na mipira ya silinda kabla ya kuingia barabarani. Breki za zamani zina asbesto, nayo huharibu mapafu. Usipulize vumbi lake kwa kompresa, lilowanishe, ulipanguse.

Tatu, rimu za WC ni vipande viwili vilivyofungwa kwa nati. Toa upepo wote kabla ya kugusa nati hizo. Rimu ikifyatuka huua.

Tajiri akihimiza haraka, mjibuni kwa umoja: vipuri vinauzwa, mapafu ya fundi hayauzwi.