Nyegezi Si Mbali

Sogeeni wajukuu. Leo sina hadithi ya Sungura. Nina ya baba na mama wa hapa Butimba waliozozana kwa sababu ya godoro.

Godoro lilikuwa la binti yao wa darasa la sita, mfungaji wa netiboli. Binti huyo alianzia timu ya shule, akachaguliwa timu ya kata, kisha ya wilaya, Nyamagana. Ndivyo UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, inavyopanda: shule, kata, wilaya, mkoa, halafu taifa. Sasa ilikuwa zamu ya timu ya mkoa, na timu inaingia kambini katika shule moja ya Nyegezi. Kila mtoto aje na godoro, shuka, chandarua, ndoo na kandambili.

Nyegezi mnaijua. Ukipanda daladala hapa, hujamaliza kutafuta nauli mfukoni umeshafika. Kwa hiyo Mama alishangaa.

"Baba watoto, mbona si mbali? Afanye mazoezi, jioni arudi alale kwao."

"Kambi haiendi hivyo," Baba akajibu. "Wanaamka alfajiri, wanakimbia pamoja, wanakula pamoja. Ukimtoa mmoja kila jioni, huyo ni mgeni kwenye timu."

Mmeona? Wanataja Nyegezi, lakini hakuna anayegombania njia. Mama anagombania usiku. Mchana mtoto ni wa watu wengi: wa mwalimu, wa kondakta, wa muuza karanga. Usiku ni wa mama yake. Naye Baba anatetea utoto wake mwenyewe, kwani alikuwa skauti, na usiku wake wa kwanza hemani hajaacha kuusimulia. Akaileta hata habari ya Baden-Powell, mzee wa skauti aliyezikwa Nyeri, Kenya, ambaye Agosti 1907 aliwapeleka wavulana wapatao 20 kupiga kambi katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza.

"Na mama zao waliulizwa?" Mama akasema.

Baba hakuwa na jibu. Mimi pia sina.

Mama akaona amepata upenyo. Akakumbusha kwamba Machi 2023 Kamishna wa Elimu alitoa waraka wa kusitisha bweni kwa watoto wa elimu ya awali na wa darasa la kwanza hadi la nne. "Serikali yenyewe inataka watoto walale kwao!" Baba akamwambia huyu yuko la sita, na kambi ya michezo si bweni la mwaka mzima. Kwangu mimi waraka ule ulikuwa wa maana sana, maana mtoto wa miaka sita anahitaji kulelewa na wazazi kuliko kupigiwa kengele. Ila ugomvi huu haukuuhusu. Watu wazima wakikwama huokota karatasi yoyote iliyo karibu.

Huku nyuma binti alikuwa macho chumbani, anasikia kila neno. Akaanza kuona kosa ni lake, na kwamba angekosa mabao machache tu, nyumba ingekuwa na amani. Jambo hilo watoto wengi mnalifanya. Wazazi wakibishana juu yako, unadhani wewe ndiye ugomvi. Hapana. Kila mmoja ameshika hofu yake au hamu yake, na jina lako limekaa katikati.

Asubuhi, uji ukiwa bado wa moto, binti akauliza: "Nikiumwa tumbo usiku kule, nimwamshe nani?"

Kimya. Walikuwa wamezozana usiku kucha na hakuna aliyewaza kuuliza hilo.

Wakaenda Nyegezi wote watatu. Mwalimu mlezi wa wasichana akawaonyesha darasa watakalolala, madirisha, na godoro lake mwenyewe karibu na mlango. Mama akaingia, akauvuta mlango, akalijaribu komeo lake mara mbili, akauliza namba ya simu ya mwalimu, akaiandika. Kisha akasema, "Haya, aje."

Baba alipaswa kufurahi. Badala yake akazunguka nyuma ya jengo, akachungulia, akarudi anakuna kidevu.

"Mwalimu," akasema, "mbona choo kiko mbali hivi?"